Unyayo wa Golandam kwenye Nyumba ya Barafu

Mmeniganda tangu Jumamosi. Bibi, tuandikie historia ya mji. Bibi, wenzako wote wamekwenda, umebaki wewe. Kwani historia ya Kuhrig haijaandikwa? Si ile pale kwenye kibao cha bati, njia ya kuingilia mjini, kwa rangi ya buluu na mshale? Kaiandika mtu mwenye digrii tatu. Mimi niliyejifunza herufi uzeeni, kwenye darasa la msikitini, nikishika kalamu kama nimeshika nge, nitaongeza nini? Lakini mmeng'ang'ania, na chai yenu nimeshainywa, vikombe vinne. Haya. Nitawaambia ya Golandam, maana kibao hakimtaji kwa jina, na yeye mwenyewe ukimwendea na daftari atakufukuza kwa ufagio.

Golandam, kwa lugha yetu, ni mwenye umbo la waridi. Wazazi ni watu wa matumaini. Huyo waridi alikua mrefu kama lango la nyumba ya misafara, mabega ya mchukuzi, sauti ya kuitia ngamia. Na miguu! Fundi viatu wetu alikuwa akimwona anatokea kona ya hamamu, bafu la mji, anafunga duka anakwenda kuswali, hata kama adhana bado. Mguu wa kushoto ndio hasa. Alipokuwa na miaka tisa, punda wa baba yake aliukanyaga, na tangu siku hiyo kidole cha mwisho kimepanda mgongoni mwa mwenzake kama mtoto aliyekataa kutembea. Cha pili nacho kimezidi kidole gumba kwa urefu wa pistachio moja nzima na ganda lake.

Akaolewa na Khodadad, fundi wa kujenga kwa udongo, Usta Khodadad kama tunavyowaita mafundi wetu. Alikuwa mfupi, mpole, na maneno yake ya siku nzima yangetosha kwenye kisahani cha chai. Watu walisema ndoa hiyo haifiki Nowruz, yaani mwaka mpya wetu. Watu wa Kuhrig hatujapata kukosea jambo lolote, isipokuwa yale tuliyoyasema.

Mwaka ule mafuriko yalikuwa yameangusha nyumba ya barafu ya zamani, na wazee wakamwita Khodadad ajenge nyingine. Mnaijua ilivyo: shimo kubwa chini, kuba la udongo juu, limechongoka kama bonge la sukari la kwetu, lenye ncha. Barafu inagandishwa nje wakati wa baridi, inakatwa, inalazwa shimoni kwa mabua, na katikati ya kiangazi, mawe yakipasuka kwa joto, watu wanakunywa maji yanayouma meno.

Golandam alikuwa bibi harusi wa wiki saba. Adhuhuri moja akaja na sufuria ya supu ya nyama na dengu kichwani, na badala ya kuzunguka, akakata katikati ya uwanja wa matofali mabichi. Moja likamla mguu mpaka kwenye kifundo.

"Umekanyaga tofali," alisema Khodadad.

"Nani kaliweka njiani?"

"Huu ni uwanja wa kukaushia, Golandam. Njia iko kule."

"Njia ni pale ninapopita."

Vibarua wakaangua kicheko. Mmoja akamwambia, "Sema samahani tu, bibi harusi, yaishe tule."

"Samahani nimwombe nani? Udongo?"

Khodadad hakulivunja lile tofali. Aliliacha likauke na unyayo wake, kidole kilichopanda na vyote. Ukuta ulipofika kimo cha goti, karibu na mlango, akalisimamisha kwa ubavu, unyayo ukitazama nje. "Kila atakayekuja kuchukua barafu," akasema, "amjue mwenye njia." Nadhani hiyo ndiyo sentensi ndefu kuliko zote alizowahi kusema. Golandam hakumsemesha siku tatu. Siku ya nne akampelekea supu yenye mifupa miwili ya uboho, na vibarua wote sita wakagawana mfupa mmoja.

Jengo likaisha, zuri, la kukaa miaka mia tano. Likajazwa barafu misimu miwili. Msimu wa tatu umeme ukaingia Kuhrig, na friji ya kwanza ikashushwa nyumbani kwa kadhi, tukaenda wote kuiamkia kama maiti wa heshima. Miaka mia tano ikawa miwili. Ndiyo bahati ya mafundi.

Nyumba ya barafu ikaachiwa mbuzi na njiwa. Lakini kila vuli, kabla ya mvua za baridi, Khodadad alilipaka kuba lile udongo mpya. Kazi yenyewe si ya kupaka tu. Udongo unachanganywa na mabua ya ngano yaliyokatwakatwa, unamwagiwa maji, unaachwa siku kumi au kumi na mbili ulale, uoze kidogo, mpaka unuke kama soksi za mwanajeshi. Halafu unakanyagwa. Mashine ya kukanyagia ilikuwa ni ile miguu mnayoijua.

"Golandam," majirani walimdhihaki, "mnapaka nini? Barafu iko wapi?"

"Na nyumba tupu haina haki ya kutovuja? Kichwa chako mbona unakifunika?"

Wakafanya hivyo vuli arobaini na tisa. Kisha Khodadad akaugua, akalala. Waume wengine wakifa huwaonyesha wake zao mahali walipofukia dhahabu. Khodadad alisema, "Lisivuje, Golandam." Ndio wosia, wote. Golandam akamwuliza, "Na mimi nikivuja?" Mzee akatabasamu, na kabla ya alasiri alikuwa amekwenda. Mjane akaendelea na kazi, miguu yake ikikanyaga, na mkwewe Heshmat, mume wa binti yake, akipanda ngazi na ndoo huku analalamika mgongo.

Hapo ndipo elimu ilipotufikia.

Daktari Farzin alishuka kwenye gari jeupe, kavaa kofia ya kuwindia. Daktari huyu hatibu mtu, anatibu magofu. Alipima siku mbili, kwa kamba na kwa mashine inayolia kama panzi, na katika siku hizo mbili aliwauliza wenyeji swali moja tu: choo kiko wapi. Siku ya pili akafika mlangoni pa nyumba ya barafu, akauona unyayo. Akavua kofia. Akapiga magoti kabisa, na suruali yake ya pasi.

Sasa, kila mji wa jangwani kwetu una binti mfalme wake, aliyewakimbia maadui zama za kale mpaka mlima ukafunguka ukamficha. Ni sisi tu tuliokuwa hatuna, na kusema kweli tulikuwa tukiona haya mbele ya majirani. Daktari akatupatia. Matofali, alisema, yana miaka elfu moja na mia nne. Unyayo ni wa binti mfalme, aliukanyaga akikimbia. Ufinyu wa kisigino unaonyesha malezi ya ikulu. Kisigino cha Golandam! Mji mzima tukaangaliana. Je, tulisema kitu? Tulisema "Mashallah." Mtu akikuletea binti mfalme hadi mlangoni, humwulizi cheti cha kuzaliwa.

Golandam akamwendea Daktari, aliyekuwa kakaa kivulini anakula tikiti.

"Daktari, ule mguu ni wangu."

"Mama mpendwa, sisi sote ni nyayo za waliotutangulia."

"Sijasema wa waliotutangulia. Nimesema wangu. Huu hapa, nimekuja nao. Na jengo kalijenga mume wangu, nilikuwa nampelekea supu."

Daktari alimtazama kwa upole, kama anavyotazamwa mtoto anayesema mwezi unamfuata. Akaandika kwenye daftari, na tukaja kuyasoma baadaye: *wanawake wa Kuhrig bado wana imani kwamba wao ndio binti mfalme.*

Kibao kikasimikwa. Uzio ukafungwa. Ni marufuku kugusa, kupanda, kukarabati, kupaka. Heshmat akapewa kofia na filimbi, akawa mlinzi wa mambo ya kale. Vuli ile Golandam alipotokea na ndoo yake ya udongo, mkwewe akampulizia filimbi. Mama wa mkewe!

"Mama mkwe, kwa heshima zote, hairuhusiwi."

"Heshmat, hiyo filimbi utaimeza."

"Sheria inasema asiyesomea haruhusiwi kugusa. Wataalamu watakuja."

"Lini?"

"Bajeti ikipita."

"Na mvua nayo inasubiri bajeti?"

Mvua haikusubiri. Majira ya baridi ya kwanza yakalila kuba unene wa kidole. Ya pili yakafungua ufa kutoka kileleni mpaka begani, mtu angeweza kuingiza mkono. Methali ya ufa na ukuta mnaijua, sina haja ya kuwamalizia, mmalizieni Daktari. Yeye alituma fundi wa mjini, mwenye cheti, akaziba kwa saruji. Saruji juu ya udongo ni kama koti la bati kwa mtoto mchanga: halipumui, halinyumbuliki. Kiangazi kilipofika likabanduka kama gaga la kidonda, likachukua na nyama. Kwa ndani sasa uliona anga. Siku Golandam alipoliona lile anga, alikwenda nyumbani hakula, na binti yake akaniambia alikuwa akirudia neno moja tu, lisivuje, lisivuje, kama mtu anayehesabu tasbihi.

Wakati huohuo wageni wakazidi kumiminika. Wasichana walitoka mbali kufunga vitambaa kwenye uzio, wakimwomba binti mfalme awape waume. Wengine waliingiza kichwa wakaubusu unyayo.

"Binti," Golandam alimwambia mmoja, "huo mguu umekanyaga samadi ya ngamia miaka yote."

"Bibi, kwa nini unawaonea wivu wafalme?"

Vuli ya tatu, mwezi wa Aban, mawingu yakaanza kujikusanya nyuma ya mlima. Uani kwa Golandam kulikuwa na rundo la udongo na mabua limelala siku ya kumi na mbili, na mtaa wote tuliisikia harufu yake hata tukioga. Tukamwambia, unaozesha ya nini, na umeshakatazwa? Akajibu, "Udongo hausomi vibao." Ndipo ikaja habari kwamba mkubwa wa mkoa mwenyewe anakuja Alhamisi kuzindua kibao cha pili, hiki cha lugha za kigeni, na wapiga picha. Jumatano Golandam akaenda hamamu, akausugua mguu wa kushoto kwa jiwe mpaka ukang'aa.

Sentensi yake alikuwa nayo tayari. Aliisema mbele yangu mara tatu, akinikazia macho nisicheke: "Jengo hili kalijenga Usta Khodadad mwana wa Rajabali, nami ndiye niliyemkanyagia udongo." Fupi. Watasikia, wataona mguu, ukweli utajulikana, jina litaandikwa, na uzio utaondoka. Ndivyo alivyopanga.

Alhamisi mji wote ulikuwepo. Mkubwa akahutubia. Daktari akahutubia mara mbili ya mkubwa. Alipofika kwenye kisigino cha ikulu, watu wakaona kigoda kinasogea. Golandam kakishika mkononi, kapita chini ya kamba, kakiweka mbele ya unyayo, kakaa. Heshmat akaweka filimbi mdomoni. Mama mkwe akamtazama. Heshmat akaitoa filimbi akaifuta kwa shati kana kwamba ndiyo kazi iliyokuwa imemleta.

Golandam akavua soksi, akaunyanyua mguu kimo cha goti, akauingiza.

Ulibana kidogo, maana udongo hunywea na wazee huvimba. Lakini kisigino kilikaa kwenye kisigino. Cha pili kikazidi gumba kwa pistachio ileile. Na kile kidole kilichobebwa mgongoni kikalala kwenye tundu lake kama mtoto aliyerudishwa kitandani.

"Haya," akasema Golandam. "Nendeni mkaandike tena."

Daktari aligeuka rangi ya jibini. Tukajua sasa kazi imekwisha, miaka elfu moja na mia nne imekwenda na maji, na majirani watatucheka mpaka Kiyama. Lakini hamwijui elimu. Uso wa Daktari ukaanza kuwaka taratibu, kama taa ya mafuta inayoongezwa utambi.

"Damu!" akapaza sauti. "Mabibi na mabwana, damu haipotei! Tazameni kidole! Alama ya ukoo wa kifalme, imerithiwa vizazi hamsini! Mbele yenu kaketi mjukuu wa binti mfalme!"

"Ni punda," alisema Golandam. "Punda wa baba yangu."

"Na unyenyekevu wake, tazameni! Wa kifalme!"

Watu wakamsalia Mtume kwa sauti moja. Aliyewahi kumwita ngamia alilia machozi. Mkubwa wa mkoa, kamera zote zikimwelekea, akaweka mkono kifuani, akainama mpaka tai ikagusa vumbi. "Bibi mtukufu," akasema, "kumbe sisi ndio wageni. Jengo hili ni lako. Ni nyumba yako. Amri ni yako, sisi ni vumbi la nyayo zako."

Maneno hayo kwetu ni mvuke wa chai. Mwokaji wetu kila asubuhi hukwambia mkate huu haukustahili, chukua tu, nakupa. Ukiuchukua kweli ukaondoka, atakufukuza na koleo la tanuri mpaka ngomeni. Anayeambiwa "ni yako" hujibu "hapana, mwenyewe ndiwe mwenye nayo," mara tatu, wakaachana kwa amani kila mtu na mali yake. Mtoto wa miaka minne anajua.

Golandam akafungua mdomo. Nilikuwa hatua tano kutoka kwake na nililiona jina la Khodadad limefika kwenye meno. Ndipo ngurumo ikapita nyuma ya mlima, ndefu, kama gari la mawe. Akainua macho. Kupitia mlangoni alikuwa anauona ufa, na ndani ya ufa, wingu. Akilitaja jina, jengo litakuwa la jana, la mtu asiyejulikana, au yeye atakuwa kikongwe mwongo mwenye wivu; vyovyote vile, uzio utabaki, bajeti itasubiriwa, na kuba halifiki Nowruz. Asipolitaja, basi Khodadad hakuwahi kujenga kitu.

Nimemjua Golandam miaka sabini. Sikuwahi kumwona akimeza neno. Siku hiyo alilimeza, na lilishuka kwa shida, kooni nililiona.

"Nimekubali," akasema.

Mkubwa akabaki ameinama. "Naam?"

"Umesema ni yangu. Nimekubali. Watu wote hawa wamesikia, na wenye kamera pia. Umesema amri ni yangu? Ya kwanza: Heshmat, ng'oa huo uzio. Ya pili: uani kwangu kuna udongo, umeshaiva. Mwenye miguu aje akanyage."

Mkubwa akamtazama Daktari. Daktari akatazama viatu vyake. Kurudisha neno la heshima mbele ya mji mzima na kamera sita, hilo hata mkuu wa mkoa haliwezi. "Hakika," akasema, kwa sauti ya mtu aliyemeza tende na kokwa yake. "Hakika, hakika."

Walikanyaga wote. Walimu wa shule, mwokaji, wasichana waliokuja kuomba waume, wamepandisha suruali na kukunja baibui. Golandam alisimama juu ya kigoda, "Wewe, kanyaga kwa kisigino, hupigi ngoma! Daktari, vua soksi. Zivue, wewe ni mtaalamu." Akavua. Alikanyaga kama kuku kwenye majivu ya moto, lakini alikanyaga. Heshmat alipanda na kushuka ngazi, filimbi ikiningʼinia shingoni imejaa udongo, haijapata kulia vizuri tangu siku hiyo. Ijumaa jioni kuba lilikuwa limepakwa lote, ufa umeshonwa.

Mvua ikashuka Jumapili alasiri. Golandam aliingia peke yake, akakaa katikati chini ya kilele, viganja wazi mapajani, akitazama juu. Nilimchungulia mlangoni. Alikaa mpaka mvua ilipokatika. Kisha akajipangusa viganja kwa baibui, ingawa vilikuwa vikavu.

Kibao cha pili kimeongezwa mstari: jengo linatunzwa na mjukuu wa binti mfalme. Wageni humpigia picha akipita na mkate. Heshmat humpigia saluti. Kila vuli anaozesha udongo wake, na sisi tunabana pua. Kuhusu lile jina alinisemesha mara moja tu, tukichambua mbegu za komamanga. "Aliniambia lisivuje," akasema. "Hakuniambia nimwandike." Kisha akanigombeza kwamba namwaga mbegu, na sikuwa nimemwaga hata moja.

Basi, chai yenu nimeilipa, na wino umenichafua mpaka kwenye kiwiko. Sasa zamu yenu. Kabla hujaiweka karatasi hii chini, msomee Fatiha Usta Khodadad mwana wa Rajabali, mjenzi wa nyumba ya barafu ya Kuhrig. Kwa jina lake, usije ukaiacha izurure ikamfikia binti mfalme. Kama dini yako haina Fatiha, sema lile unalowasemea mafundi wako. Na ukipita kwetu, ingia ndani, simama katikati ya kuba, litaje jina hilo kwa sauti, ukuta utakurudishia. Heshmat atakuja na filimbi yake. Mwache apulize. Na usije mikono mitupu, njoo na gunia la mabua ya ngano. Miguu tunayo.